Pateni inataka sufu ya DK, dukani kuna akriliki, pamba na koni za mashine: nabadilishaje uzi bila sweta kubadilika saizi?

tausi_makambako

Habari za jioni wakuu. Naomba wafumaji wa sindano mje hapa, na wa mashine na kroshia mkaribie pia.

Nina oda ya kadigani ya mama mmoja, kifua sm 100 likiwa limekamilika. Pateni (maelekezo ya kufuma) kainunua mwenyewe mtandaoni, ni ya Uingereza, na anaitaka vilevile ilivyo: raglani (mikono inayopanda hadi shingoni), vifungo mbele, msuko mmoja kila upande. Pateni inasema hivi:

Uzi: sufu tupu, DK (jina la unene wa uzi), madonge 11 ya gramu 50, kila donge mita 120.
Sindano: mm 4.
Geji: vitanzi 22 na mistari 30 kwa mraba wa sm 10.

Uzi huo huku haupo, na kuuagiza nje nauli yake inazidi bei ya sweta lenyewe. Nilivyovipata ni hivi:

1. Akriliki ya DK, donge gramu 100, lebo inasema mita 295.
2. Pamba ya DK, donge gramu 50, mita 105.
3. Koni ya akriliki wanayofumia masweta ya shule, imeandikwa 2/28.
4. Uzi wa bluu niliofumua kwenye sweta la mitumba. Huu ndio mzuri kuliko yote, ila hauna lebo wala historia.

Swali langu: kwa kuwa hizo mbili za kwanza zote ni DK, si nichukue tu gramu 550 ya yoyote nianze kazi? Na sindano zangu ni za urithi, zimegongwa namba 8. Hiyo 8 ni mm ngapi?

---

kijana_wa_kariakoo

Dada unajichosha bure. DK ni DK. Chukua rangi aliyoipenda mteja, fuma, lipwa. Sweta linavutika.

---

Sindano_Mbili

Kijana hapo juu, sweta linavutika likiwa dogo. Likiwa kubwa utalivuta kwenda wapi?

Tausi, shika hili kwanza: usinunue uzi wa kubadilishia kwa gramu. Kitenge hununui kwa kilo. Kinachofunika mwili wa mtu ni urefu wa uzi, na urefu huo pateni yako imeshautaja: 11 mara 120 ni mita 1,320. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi unapokwenda dukani.

Akriliki yako: 1,320 gawa kwa 295, unapata 4.5. Nunua madonge 5. Ungekwenda na gramu 550 ungechukua 6, moja likabaki. Si hasara kubwa.

Pamba: 1,320 gawa kwa 105, unapata 12.6. Hayo ni madonge 13, na mimi ningechukua 14. Sasa angalia, kwa gramu 550 ungebeba madonge 11 tu, mita 1,155. Pungufu ya mita 165. Hapo uzi unakuishia kwenye mkono wa pili, unarudi dukani unakuta rangi ni ileile kwa jina lakini bechi (mkupuo wa kutiwa rangi) ni nyingine, na mkono mmoja unaonekana umefuliwa zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo linganisha namba ya bechi kwenye kila lebo siku hiyohiyo ya kununua, namba ya rangi peke yake haitoshi.

Kwa nini gramu zinadanganya? Nyuzinyuzi zenyewe hazina uzito sawa. Sentimita moja ya ujazo ya pamba ni gramu 1.5 hivi, sufu 1.3, akriliki haifiki 1.2. Nyuzi mbili zenye unene uleule, ya pamba itakuwa nzito na donge lake litakuwa na mita chache. Ndiyo maana kadigani yako kwa akriliki itakuwa na gramu kama 450, kwa pamba gramu 630. Mteja atalisikia hilo begani.

Sasa hilo la "DK ni DK". Lebo nyingi zina alama ndogo ya donge lenye namba, kuanzia 0 hadi 7. Ni mpangilio wa Craft Yarn Council ya Marekani: 0 ni wa lesi, 1 ni ule wa soksi, 3 ni DK, 4 ni ule wanaouita worsted au aran, 5 mnene, 6 mnene sana, 7 ni wa kufumia hata kwa mikono mitupu. Kwenye namba 3 wanaruhusu vitanzi 21 mpaka 24 kwa sm 10. Mgongo na vipande viwili vya mbele vya pateni yako kwa jumla ni kama vitanzi 220. Ukipata geji ya 21, sweta linatoka sm 104.8. Ukipata 24, linatoka sm 91.7. Tofauti ya sm 13, na lebo zote mbili zimeandikwa DK bila kudanganya mtu.

Kwa hiyo jina la unene linakusaidia kuchagua rafu ya dukani. Saizi ya sweta inaamuliwa na geji ya mkono wako, kwa uzi huo, kwa sindano hiyo.

---

mbongo_minnesota

Nikazie hapo kwenye majina maana huku Marekani yananichanganya kila siku.

Neno "ply" lisikutishe wala lisikudanganye. Kiasili linahesabu nyuzi zilizosokotwa pamoja. Uingereza na Australia likageuka kuwa jina la unene: 4 ply ni ule mwembamba wa soksi na nguo za watoto wachanga, 8 ply ya Australia ndiyo DK, 10 ply ni aran, 12 ply ni mnene. Lakini pateni za zamani za huku Marekani zikisema 4 ply mara nyingi zinamaanisha worsted, ambao ni mnene zaidi sana kuliko 4 ply ya Muingereza. Ukikutana na pateni ya bibi wa mtu, puuza ply, tafuta geji.

Na gramu nazo hivyohivyo. Red Heart Super Saver, donge lililojaa kila duka la ufundi huku, ni gramu 198 na mita 333. Piga hesabu: mita 168 kwa gramu 100. Linganisha na akriliki ya Tausi yenye mita 295. Zote akriliki tupu, unene tofauti kabisa. Namba hiyo ya mita kwa gramu 100 ndiyo naiangalia kwanza kwenye lebo yoyote. Takriban: 400 ni uzi wa soksi, 300 na kitu ni sport (unene ulio kati ya soksi na DK), 200 mpaka 250 ni DK ya sufu, 160 mpaka 200 ni worsted na aran, 100 hadi 140 ni mnene. Akriliki huwa juu kidogo ya hapo, pamba chini kidogo, kwa sababu aliyoieleza Sindano_Mbili.

Halafu sindano namba 8. Hapa kuna mtego. Kwa namba za kale za Uingereza, 8 ni mm 4. Kwa namba za Marekani, 8 ni mm 5. Na mipangilio hiyo inakwenda kinyume: ya Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ya Marekani ikipanda inanenepa. Namba 10 ya Uingereza ni mm 3.25, namba 10 ya Marekani ni mm 6. Sindano za urithi Tanzania na Kenya nyingi zitakuwa za Uingereza, lakini usibahatishe. Pima.

---

tausi_makambako

Nitapimaje? Kile kibao chenye matundu sina, na rula ya mwanangu haiwezi kunitofautishia mm 4 na mm 5.

---

FundiKoni

Nenda kwa seremala au fundi wa madirisha, mwambie akutobolee kipande cha ubao mwembamba kwa biti ya mm 4, na kingine kwa biti ya mm 5. Sindano ipite bila kubana na bila kucheza. Kama ana kile kipimo cha taya, vernia, ndiyo kabisa, atakupimia hapohapo.

Mimi ni wa mashine, nafuma masweta ya shule Njombe, kwa hiyo koni ndiyo uwanja wangu. Hiyo 2/28 isomwe hivi: 28 ni mita kwa gramu moja ya uzi mmoja, na 2 ni kwamba nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Gawa 28 kwa 2, unapata mita 14 kwa gramu. Yaani mita 1,400 kwa gramu 100. Ukiona 2/32, ni mita 16 kwa gramu, uzi mwembamba zaidi.

Ukitaka kuifikisha kwenye DK yako ya mita 295, gawa 1,400 kwa 295, unapata 4.7. Shika nyuzi 5 pamoja. Mita 1,320 mara 5 ni mita 6,600, gawa kwa 14, ni gramu 471. Mita zenyewe ndizo za kuzidisha kwa 5. Watu husahau hilo, wanaona koni kubwa wanadhani itatoa masweta matatu.

Ila nikwambie ukweli wa fundi: nyuzi 5 zisizosokotwa pamoja, sindano inachoma katikati, inaacha mmoja nyuma, na huo mmoja unaonekana mpaka kesho. Kwa kadigani yenye misuko siipendekezi. Kwa kofia na skafu, sawa. Na uzi wa koni umekazwa kwenye mzunguko, wakati mwingine una mafuta ya kiwandani. Ukifua unatuna. Sampuli, yaani kipande cha kupimia geji, ya uzi wa koni isiyofuliwa haina maana.

Kuhusu sampuli yenyewe, mimi sifumi kila oda. Lakini ni kwa kuwa mashine ni ileile, uzi uleule, mkazo namba ileile mwaka mzima. Siku nikibadilisha msambazaji wa uzi, nafuma sampuli kabla sijagusa oda.

---

kijana_wa_kariakoo

Sawa mmenishinda kwa hesabu 😅 lakini sampuli bado naona ni kuteketeza uzi. Kile kipande kidogo cha vitanzi 22 unafuma, unapima kama kimefika sm 10, basi.

---

Sindano_Mbili

Hicho kipande cha vitanzi 22 ndicho kinachowaponza wengi. Vitanzi vya pembeni havikai sawa na vya katikati, vinajikunja na kulegea. Ukipima kipande kizima kutoka ukingo hadi ukingo unapima na ulegevu wa kingo.

Mimi nafanya hivi. Napandisha vitanzi 34, vinne kila upande ni vya pindo la vinundu ili kipande kisijikunje. Nafuma mpaka urefu wa sm 15 kwa mtindo wa kawaida, laini mbele, vinundu nyuma. Nafunga. Kisha nakifua kama mteja atakavyolifua sweta: kama atalitia kwenye mashine, kinaingia kwenye mashine. Nakikamua ndani ya taulo, nakilaza juu ya meza bila kukivuta, kinakauka chenyewe. Kwa pamba nakitundika pia usiku mmoja na vibanio viwili chini, kwa sababu pamba hurefuka kwa uzito wake na sampuli ndogo iliyolazwa mezani haitakuonyesha hilo.

Halafu naweka rula katikati, nachoma pini mbili sm 10 kutoka moja hadi nyingine, nahesabu. Na nusu ya kitanzi nahesabu. Watu huona 21.5 wakaandika 22. Kwa vitanzi 220 hiyo nusu ni sm 2.3 za kifua.

Ukipata vitanzi vingi kuliko pateni, unafuma kwa kubana, panda sindano nene. Ukipata vichache, shuka sindano nyembamba. Usijaribu kubadili mkono. Mkono utajisahau ukifika sm 20 ya mgongo, hasa ukiwa unaangalia tamthilia.

Kwa skafu, shali, blanketi la mtoto, sifumi sampuli. Skafu ikizidi sm 3 hakuna atakayeirudisha. Lakini hata hapo kumbuka geji ikilegea uzi unaliwa zaidi, kwa hiyo ongeza donge.

---

Nyanya_Kinangop

Tausi mwanangu, salamu kutoka Kinangop, huku baridi haichezi.

Nimewasikiliza na hesabu zenu ni safi. Lakini hamjamuuliza msichana uzi huo utafanya nini ukishafika geji. Geji inaweza kulingana na sweta bado likawa mbaya.

Pateni ni ya sufu. Sufu ina mruko, ukiivuta inarudi. Ule msuko wa mbele umesimama kwenye picha kwa sababu ya huo mruko, na ribu (pindo zinazovutika) za mikononi zinakumbatia kwa sababu hiyohiyo. Pamba haina mruko. Ukifuma msuko kwa pamba unalala, na ribu za pamba zikifuliwa mara kadhaa zinafunguka kama mdomo wa gunia. Kama ni lazima pamba, ribu zifume na sindano ndogo kwa saizi mbili, na mgongo uwe mfupi kidogo maana utashuka.

Akriliki itashika msuko vizuri kuliko pamba, na mama huyo ataifua bila kuogopa. Lakini mwambie asipige pasi. Akriliki ikipigwa pasi ya moto inalegea na hairudi tena, msuko unakuwa bapa. Mimi huiandika kwenye kikaratasi na kukishona ndani ya shingo.

Sufu nayo ina yake. Ile ya kawaida ukiichemsha na kuisugua inajifunga, sweta la baba linakuwa la mtoto. Ile iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine haijifungi, lakini ikilowa inarefuka, kwa hiyo lazima sampuli yake ifuliwe kabla ya kupima.

Huo wa bluu wa mitumba ndio ningeutaka, kama kweli ni sufu.

---

fumua_fuma

Mitumba ndiyo kazi yangu, Iringa hapa. Tausi, kwa huo uzi wa bluu fanya mambo haya.

Kwanza, kata kipande cha kidole kimoja, kishike kwa koleo juu ya sahani, kiwashe. Sufu inasitasita kuwaka, inanuka nywele zilizoungua, inaacha majivu yanayosagika. Pamba inawaka haraka inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inaacha tone gumu jeusi. Ikichanganywa utaona vyote viwili.

Pili, uzi uliofumuliwa una mikunjo kama tambi za pakiti. Usiupime hivyo. Uzungushe kwenye miguu ya kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya uvuguvugu, utundike na kitu chepesi chini mpaka ukauke.

Tatu, unene. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko igusane bila kubanana na bila kuvuta uzi, hesabu ndani ya sm 2.5. Mizunguko 14 hivi ni uzi wa soksi, 11 ni DK, 9 ni worsted, 7 ni mnene. Usiamini kipimo hiki peke yake, kila mkono unazungusha kivyake.

Nne, urefu. Pima mita 20 kwa futi ya fundi nguo, upeleke kwa sonara akupimie kwenye mizani yake. Mizani ya unga jikoni haioni gramu 7 na 8 vizuri. Halafu pima uzi wote kwa mizani yoyote. Unapata mita zako.

Na kabla ya kununua sweta la kufumua, geuza ndani. Mshono wa pembeni ukiwa umefumwa kwa kitanzi hadi kitanzi, unafumuka wote kwa uzi mmoja mrefu. Ukiwa umekatwa na kupigwa ovaloki, kila mstari ni kipande cha peke yake. Liache hapo hapo kwenye meza.

---

mama_kulabu

Samahani naingilia, mimi ni wa kroshia, vitambaa vya makochi. Kwetu namba ya uzi wa pamba inakwenda kinyume pia: namba 20 ni mwembamba kuliko namba 10. Na je, hizi geji zenu zinanihusu? Nimeona pateni ya blauzi ya kroshia inataka DK.

---

Sindano_Mbili

Zinakuhusu, ila usichukue geji ya sindano iliyo kwenye lebo ukaitumia kwa kulabu. Kitanzi cha kroshia ni kikubwa zaidi, kwa DK ileile lebo itakupa namba ndogo za kroshia kuliko za sindano. Fuata geji ya pateni ya kroshia, na kipande chako cha kupimia kiwe cha mshono uleule wa blauzi. Blauzi ya kroshia pia inakula uzi mwingi kuliko ya sindano ya ukubwa huohuo, kwa hiyo usikopi mita kutoka pateni ya sindano.

---

mbongo_minnesota

Kitu kingine cha bure: ukiwa na jina la pateni, litafute Ravelry, tovuti ya wafumaji. Kila pateni pale ina ukurasa wa kazi za watu waliokwisha kuifuma, na wengi wanaandika walitumia uzi gani, sindano gani, madonge mangapi, na picha. Kabla ya kubadilisha sufu kwa akriliki naangalia kwanza kama kuna aliyejaribu na msuko ulimtokaje.

---

tausi_makambako

Wakuu nimerudi na majibu, na asanteni sana wote, Nyanya shikamoo.

Sindano: kwa seremala imepita tundu la mm 4 safi. Kwa hiyo ni 8 ya Muingereza.

Uzi wa bluu: ni sufu, umenuka nywele kabisa. Mita 20 ni gramu 8 kwa sonara. Uzi wote ni gramu 430. Kwa hiyo mita 2.5 kwa gramu, jumla mita 1,075. Hautoshi 1,320. Nimeumia lakini bora nimejua sasa.

Koni nimeiacha kwa ushauri wa FundiKoni. Pamba nimeiacha kwa sababu ya misuko. Mteja kakubali akriliki.

Sampuli za akriliki, zimefuliwa na kukaushwa mezani:
mm 4: vitanzi 20, mistari 27.
mm 3.75: vitanzi 21, mistari 28.
mm 3.5: vitanzi 22, mistari 30, geji ya pateni kabisa. Lakini imekuwa ngumu, ukiishika kama zulia la mlangoni. Ya mm 3.75 ndiyo inashuka vizuri mkononi. Nifuate geji au nifuate mkono?

---

Sindano_Mbili

Fuata mkono, halafu hesabu ikufuate wewe. Uzi wako unaonekana mnene kuliko DK ya pateni, na kuulazimisha uingie 22 ndiko kunakoufanya uwe mgumu. Kadigani gumu mteja hatalivaa hata geji ikiwa sahihi.

Tumia mm 3.75, vitanzi 21. Pateni yako ina saizi gani? Chukua saizi unayoitaka, zidisha kwa geji yako, gawa kwa geji ya pateni: 100 mara 21 gawa kwa 22 ni 95.5. Kama pateni ina saizi ya sm 95, fuata vitanzi vya hiyo. Vitanzi vyake ni kama 209. Gawa kwa 2.1, unapata sm 99.5. Nusu sentimita haionekani.

---

tausi_makambako

Ina 90, 95, 100 na 106! Kwa hiyo nafuata maelekezo yote ya 95 mwanzo hadi mwisho?

---

Sindano_Mbili

Vitanzi vyote, ndiyo. Urefu, hapana. Urefu wa mwili na mikono soma kwenye saizi ya 100, na pima kwa sm, usihesabu mistari, kwa kuwa mistari yako ni 28 na ya pateni ni 30. Misuko usiiguse, fuma mizunguko yake kama ilivyoandikwa, utaongeza au kupunguza mistari chini yake kabla ya kwapa.

Sehemu mbili pateni inakulazimisha kuhesabu mistari: raglani na mikono. Niandikie namba zake.

---

tausi_makambako

Raglani: punguza kila mstari wa pili, mara 30. Mikono: ongeza kila mstari wa 8, mara 14. Zinafanana kwa 95 na 100.

---

Sindano_Mbili

Raglani ya pateni ni mistari 60, sm 20. Kwa mistari yako 28, hiyo 60 inakuwa sm 21.4, na kwapa litashuka. Unataka mistari 56. Punguza kila mstari wa pili mara 26, hiyo ni mistari 52, kisha kila mstari mara 4. Jumla mara 30, mistari 56, sm 20. Hizo nne za mfululizo ziweke mwishoni karibu na shingo.

Mikono ya pateni: 8 mara 14 ni mistari 112, sm 37.3. Yako ingefika sm 40 kabla hujamaliza kuongeza. Ongeza kila mstari wa 8 mara 10, kisha kila mstari wa 6 mara 4. Hiyo ni 80 na 24, mistari 104, sm 37.1. Baada ya hapo fuma bila kuongeza mpaka urefu wa saizi ya 100.

---

FundiKoni

Na anza na mkono, usianze na mgongo. Ukifika sm 15 pima geji tena humohumo. Mkono ukiwa na kasoro unafumua jioni moja. Mgongo unakula wiki.

---

Nyanya_Kinangop

Ule wa bluu usiuuze. Mita 1,075 za sufu ni sweta la mtoto na kofia yake, na mtoto wako naye yuko Makambako.